Wasomi wa Nyumba ya Prather

Kila asubuhi, saa moja na dakika ishirini, basi la shule lilipita barabarani mbele ya nyumba ya Wendell Prather, na kila asubuhi Wendell aliwapanga watoto wake saba dirishani walitazame.

"Wale wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Machinjioni, baba," watoto waliitikia.

"Na ninyi?"

"Sisi tumeshafika nyumbani, baba."

Hapo Wendell alicheka, akajimiminia kahawa ya pili. Alikuwa fundi wa viyoyozi, na fundi hodari. Angebaki na viyoyozi vyake, hakuna mtu katika milima yetu ya Ozark angekuwa na neno naye. Lakini miaka minne iliyopita alisimama kanisani kutoa ushuhuda jinsi anavyowasomesha watoto wake mwenyewe, nyumbani, kwa kumcha Bwana. Wanawake wakalia. Mchungaji akamkumbatia. Tangu siku ile Wendell alipata kiu ambayo kahawa haiwezi kuizima. Sasa alikuwa mtu wa kualikwa, mwenye tai tatu na mada iitwayo "Baba Ndiye Mwalimu Mkuu", ingawa mwalimu mkuu mwenyewe hakuwa amefungua daftari la mtoto yeyote tangu mwezi wa pili wa mwaka wa juzi.

Jumatano hiyo alikuwa na haraka. Jumamosi ilikuwa siku ya kongamano la familia zinazosomesha nyumbani, mjini Springfield, watu mia sita ukumbini, naye ndiye msemaji wa mchana.

"Jerusha!" aliita. "Njoo tuisikie tena ile insha."

Jerusha alikuwa na miaka kumi na mbili, mrefu kama bua la mhindi mwezi wa Julai, sketi yake ya jinzi imeshaongezwa pindo mara mbili. Alisimama kati ya meza na jiko, akashika karatasi kwa mikono miwili, akaanza: "Kwa Nini Namshukuru Mungu kwa Kunipa Baba Mwalimu." Insha hiyo ilikuwa imeshinda nafasi ya kwanza katika jarida la chama cha wanaosomesha nyumbani. Hakimu mmoja aliandika kwamba msichana huyu ana kipawa.

"Tazama karatasi," Wendell alimkatiza. "Unatazama dari. Mtu anayesoma hutazama karatasi."

"Ndiyo, baba."

Akatazama karatasi. Macho yake yalikwenda kushoto kulia, kushoto kulia, kwa mwendo mmoja kama wa mtu anayepaka rangi ukuta, na alipofika kwenye maneno "na zaidi ya yote" aligeuza ukurasa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na dada yake Damaris. Kwenye sinki, Damaris alikuwa akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Damaris alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye aliyeandika insha. Aliandika pia madaftari yote ya wadogo zake, kila mmoja na mwandiko wake. Wa Jerusha aliuandika kwa mkono wa kushoto ili uonekane wa kitoto. Siku ilikuwa na saa kumi na tano za kufua, kupika, kukamua mbuzi na kumwogesha mtoto mchanga, na ilikuwa rahisi kuandika madaftari matano kuliko kufundisha watoto watano. Jerusha hakujua kusoma hata neno moja. Herufi kwake zilicheza, zikageuka, zikabadilishana nafasi. Mama yao, Corinne, alijaribu naye hadi alipofika miaka saba, kisha ikaja mimba, ikaja nyingine. "Watoto wengine huchelewa," Corinne alisema. "Mungu ana wakati wake." Alisema hivyo msichana alipokuwa na miaka minane, akasema tena alipofika tisa. Alipofika kumi hakusema tena.

"Safi," Wendell alisema insha ilipokwisha. "Ukumbi wote utasimama. Damaris, vaa viatu, twende tukachukue bango. Jerusha, mama yako amelala, mkunga amesema asinyanyuke. Leo wewe ndiye mwalimu."

*

Bango lilikuwa na picha ya familia nzima, futi nane kwa nne. Mchapishaji alikuwa amemkata Damaris bega, na Wendell alibishana naye tangu adhuhuri, si kwa sababu ya bega la Damaris, bali kwa sababu jina lake mwenyewe lilitoka dogo kuliko alivyoagiza. Likaanza kuchapwa upya.

Nyumbani, Tirzah wa miaka minne alikuwa akikohoa tangu chakula cha mchana. Kikohozi kikavu, cha kuudhi. Corinne alikuwa kitandani chumba cha nyuma, miguu juu ya mito, mimba ya nane ikiwa na miezi saba.

"Jerusha! Mpe dawa huyo mtoto," aliita. "Iko juu ya friji. Kijiko kimoja. Soma kwenye chupa kwanza."

"Sawa, mama."

Juu ya friji palikuwa na chupa mbili za kahawia, zote zina picha ya tunda jekundu. Wendell hakuwa mtu wa kutupa chupa. Dawa ya minyoo ya mbuzi aliinunua kwa galoni, akaimimina kidogo kidogo katika chupa kuukuu za dawa ya kikohozi, na kwenye mojawapo alibandika utepe mweupe akaandika neno moja kwa kalamu nyeusi. Aliona hiyo inatosha. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya wasomi.

Jerusha alizishusha zote mbili, akazitazama. Damaris alikuwa na desturi ya kubandika utepe mweupe kwenye kila kitu cha watoto, mswaki, buti, kikombe, akiandika jina la mwenyewe. Jerusha akawaza: yenye utepe ndiyo ya Tirzah. Alifikiri vizuri kabisa. Kusoma tu ndiko hakukujua.

Akampa kijiko kimoja. Kikohozi hakikutulia. Akampa cha pili.

Ilipata saa tisa alipoona mate yanamtoka Tirzah mfululizo, yameloanisha kifua chote cha gauni. Mtoto alisimama, akapepesuka, akaanguka kama mlevi. Wadogo wengine wakacheka wakidhani ni mchezo. Kisha akatapika, macho yakapanda juu, mikono ikaanza kutetemeka.

"Mama!"

Corinne alifika jikoni akijishika ukutani. Alimnyanyua Tirzah, akamnusa mdomo, akaiona chupa yenye utepe mezani, akalisoma lile neno. Hakupiga kelele. Alichukua simu, na mtu wa kwanza aliyempigia alikuwa mume wake.

Wendell alikuwa ndani ya pikapu na Damaris, bango limefungwa nyuma. Simu iliunganishwa na spika za gari, kwa hiyo Damaris alisikia yote.

"Tirzah amekunywa dawa ya mbuzi. Anatetemeka, Wendell. Napiga namba ya dharura."

"Subiri. Subiri kwanza, Corinne. Kiasi gani?"

"Sijui! Vijiko viwili."

"Basi ni kidogo. Mbuzi hupewa zaidi ya hapo."

"Yeye si mbuzi!"

"Nisikilize. Ukipiga namba ile, haji daktari peke yake. Wanakuja na watu wao wa ustawi, wanafungua makabati, wanahesabu vitanda. Leo Jumatano. Unataka Jumamosi nisimame mbele ya watu mia sita huku serikali imekaa sebuleni kwangu? Mpe maziwa. Muombee. Niko njiani."

"Uko mbali kiasi gani?"

"Dakika arobaini."

"Baba," Damaris alisema, "dakika arobaini?"

"Wewe nyamaza."

Corinne alibaki na simu mkononi, kidole gumba juu ya kioo. Miaka ishirini alikuwa mke mtiifu, alisifiwa kwa hilo, alifundisha wasichana wa kanisa kwa hilo, na sasa kidole nacho kilitii. Akaketi sakafuni na mtoto mapajani, akaanza kuomba. Aliomba huku akijua. Jambo hili alilisema mwenyewe baadaye, bila mtu kumuuliza.

Jerusha alimtazama mama yake. Akaichukua chupa, akatoka mbio bila viatu.

*

Lavonne Tuttle alikuwa ameendesha basi la shule katika barabara ile miaka kumi na saba, na muda wote huo hakuna mtoto wa Prather aliyewahi kumpungia mkono. Kwa hiyo alipoona msichana amesimama katikati ya lami, mikono hewani, alikanyaga breki hadi mikoba ikamwagika nyuma.

"Binti, unataka kufa?"

"Mdogo wangu anakufa. Nimempa dawa. Tafadhali, mama, tafadhali."

Lavonne hakuuliza la pili. Alishika redio ya basi, akaita ofisini, akataka gari la wagonjwa, akataja barabara na nyumba. Kisha sauti ya redio ikauliza: dawa gani?

"Dawa gani, mwanangu?"

Jerusha alipanda ngazi, akanyoosha chupa. Lavonne alikuwa ameacha miwani kwenye mkoba chini ya kiti, na mikono yake ilikuwa imeshika redio na usukani.

"Nisomee. Pameandikwa nini hapo kwenye utepe?"

Jerusha aliigeuza chupa mkononi.

"Soma, binti! Wanasubiri!"

"Sijui kusoma."

Watoto thelathini walikuwa wameinua shingo. Mvulana mkubwa wa viti vya nyuma akasema, si kwa sauti ya chini, "Si huyu ndiye wa wale wanaosema sisi ni ng'ombe wa machinjioni?" Mtu akacheka. Jerusha alisimama pale, miguu mitupu imejaa matope, chupa mbele yake, akatazama sakafu ya basi.

Kwenye kiti cha kwanza, nyuma ya dereva, alikaa msichana wa darasa la kwanza, mapengo mawili mbele. Aliinuka, akaishika chupa, akaweka kidole kwenye utepe.

"Mbu," alisema. "Zi. Mbuzi." Akamtazama Jerusha kwa furaha ya mtu aliyetatua fumbo. "Pameandikwa mbuzi."

"Mbuzi," Lavonne aliiambia redio. "Ni dawa ya mbuzi. Harakisheni, kwa jina la Mungu."

*

Tirzah hakufa. Nalisema mapema kwa sababu Wendell alilisema baadaye kwa namna ambayo ungedhani yeye ndiye aliyezuia. Daktari alisema mtoto alifika kwa wakati, na kwamba nusu saa zaidi ingekuwa habari nyingine. Wendell alifika hospitali dakika hamsini baada ya gari la wagonjwa. Alikuwa amepitia nyumbani kuchukua mafaili.

Alifanya vizuri, kwa sababu Alhamisi asubuhi mama wa ustawi wa jamii aliingia. Aliitwa Bi. Applegate, mwanamke mnene mwenye viatu vya kutembelea, na alikuwa amezungumza na dereva wa basi.

"Bwana Prather, nimeambiwa binti yako wa miaka kumi na mbili hawezi kusoma."

"Nani kasema? Dereva?" Wendell alitabasamu, lile tabasamu la jukwaani. "Bi mkubwa, hebu tazama." Akafungua faili la Jerusha. Siku kwa siku, saa kwa saa, hesabu, historia, Maandiko, mimea iliyokaushwa na kubandikwa, na mwisho insha yenye utepe wa bluu wa ushindi. Bi. Applegate alifungua kurasa polepole. Alikuwa ameona madaftari mengi ya nyumbani, na mazuri kama haya hakuwa ameona.

"Kazi nzuri sana," alikiri. Kisha akachukua karatasi ya hospitali yenye maelekezo ya kunawa mikono, akampa Jerusha aliyekaa kona ya chumba. "Nisomee mstari wa kwanza tu, mpenzi."

Wendell akasimama kati yao.

"Mdogo wake amelala pale na mirija puani, kosa analiona ni lake, halafu wewe unampa mtihani? Huko kwenye ofisi zenu ndivyo mnavyofundishwa?"

Bi. Applegate aliona haya, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Akairudisha karatasi mezani. Akamgeukia Damaris.

"Wewe ndiye dada mkubwa. Nitakuuliza wewe. Mdogo wako anajua kusoma?"

Damaris alimwona baba yake hamtazami, alimwona mama yake akitazama shuka, akamwona Jerusha akimtazama yeye peke yake.

"Anajua," Damaris alisema. "Ana haya tu. Mbele za watu hushikwa na haya."

Bi. Applegate alifunga faili. Mlangoni alimpa Damaris kadi yenye namba yake. "Hata kama ni usiku," alisema, akaondoka.

"Umenipa heshima, binti yangu," Wendell alimwambia Damaris, akampiga bega, lile lililokatwa na mchapishaji. Damaris alikwenda msalani akajifungia na ile kadi mkononi.

Kwenye gari, wakirudi nyumbani, Wendell alimsemesha Jerusha kupitia kioo cha juu.

"Umeniaibisha mbele ya basi zima. Basi! Yaani mtoto wa miaka sita wa shule ya serikali anamsomea binti wa Wendell Prather. Unajua wanavyosema sasa hivi kule mjini?"

"Nisamehe, baba."

"Si mimi wa kuombwa msamaha, ni jina la Bwana. Jumamosi utalisafisha. Utasimama, utasoma, na maneno yao yote yatakwisha."

"Ndiyo, baba."

"Na kichwa juu. Kichwa juu, macho kwenye karatasi."

*

Jumamosi tulijaa ukumbini. Nasema tulijaa kwa kuwa nilikuwamo, na nilipiga makofi kama wengine. Corinne aliletwa kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, blanketi magotini, akawekwa mstari wa mbele chini ya bango, mimba yake ikitazamana na mimba yake ya kwenye picha. Mkunga alikuwa amesema asitoke kitandani. Wendell alikuwa amesema ni dakika tisini tu. Tirzah alikaa mapajani mwa Damaris, bado amepauka, hakukohoa.

Wendell alivaa tai nyekundu.

"Ndugu zangu," alisema, "Jumatano hii adui aliingia nyumbani kwangu. Mtoto wangu mdogo alilala sakafuni, anatetemeka, amekaribia kufa. Mke wangu akanipigia simu. Akasema, nimwite nani? Nikamwambia, Corinne, dunia ingepiga simu. Sisi tunapiga magoti!"

Amina zikapaa hadi kwenye taa. Mwanamke mbele yangu alilia kwa kwikwi. Dereva wa basi hakutajwa. Gari la wagonjwa lilikuwa "msaada ulioletwa na malaika". Madaktari wa hospitali wakawa "mikono ya Bwana". Sisi tuliosikia habari ya basi, na wilaya yetu ni ndogo, tulikuwa wengi tuliosikia, tulitazamana kidogo, kisha tukatazama mbele, tukaendelea kupiga makofi. Ukishalipa kiingilio cha dola arobaini na kuleta watoto watano waliovaa sare zilizoshonwa nyumbani, hutaki kusikia kwamba msemaji ni muongo.

"Na sasa," Wendell alisema, "mumsikilize mwenyewe yule ambaye dunia inasema hajui kusoma."

Jerusha alipanda. Karatasi mkononi. Alisimama mbele ya kipaza sauti kilichokuwa kirefu kwake, Wendell akakishusha. Akaitazama karatasi kama alivyoamriwa, kushoto kulia, kushoto kulia, na hakusema neno.

"Kwa nini namshukuru," Wendell alimnong'oneza.

"Sijui hapa pameandikwa nini," Jerusha alisema. Kipaza sauti kiliichukua sauti yake ndogo kikaitupa hadi ukuta wa nyuma. "Sijui kusoma. Aliyeandika ni Damaris. Nilimpa Tirzah dawa ya mbuzi kwa sababu sijui kusoma."

Niliona shingo ya Wendell ikibadilika rangi juu ya ile tai. Akashika kipaza sauti.

"Mnaona?" alisema, akacheka. "Mnaona nyumba yangu ilivyo na vichekesho? Hivi hivi ndivyo alivyowatisha watu kwenye basi la serikali, hadi wakaniletea mama wa ustawi!"

Mtu wa mstari wa tatu akacheka. Akafuata mwingine. Kilikuwa kicheko cha watu walioponea chupuchupu, na ndani ya nusu dakika kilijaa ukumbini, kikageuka makofi, watu wakasimama. Jerusha alianza kulia. Wendell akamkumbatia kwa mkono mmoja, na wengi wakafuta machozi kwa kuona mtoto mnyenyekevu hivyo. Hayo ndiyo tuliyoyafanya. Watu mia sita wazima.

Damaris alimkabidhi Tirzah kwa mtu wa kiti cha jirani, akakimbilia msalani. Mwanamke mmoja alimfuata, mwenye nywele zilizofungwa vizuri na beji ya chama kifuani. Alisubiri hadi maji ya sinki yalipofunguliwa.

"Ni kweli alichosema yule mtoto?"

"Ni kweli."

"Hajui kabisa?"

"Hajui kabisa."

Mwanamke alitazama mlango. "Wangu ana miaka kumi na mmoja," alisema kwa sauti ya chini sana. "Usimwambie mtu." Akanawa mikono, akanawa tena, akaiweka sawa beji yake, akarudi ukumbini. Damaris alimsikia akiungana na wimbo.

*

Corinne hakuimba. Watu walipokuwa wamesimama wakishangilia, alilitoa blanketi magotini, akainuka kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amechoka na mgongo ulimuuma, na alipanda ngazi tatu za jukwaa akishika ukingo. Alimtoa Jerusha chini ya kwapa la baba yake bila kusema lolote, kama mtu anayechukua koti lake. Wendell alidhani ni sehemu ya ushuhuda, akanyoosha mkono wa pili amkumbatie naye. Corinne alimpita.

Nje ya ukumbi palikuwa na ushoroba mrefu wenye meza za vitabu. Mzee mmoja aliyeitwa Thurman alikuwa akiuza vitabu vya kuanzia kusoma. Corinne aliokota kimoja chenye jalada la njano, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, miguu imevimba, akamkalisha Jerusha kando yake.

"Mama, hicho ni dola kumi na mbili," mzee Thurman alisema.

"Nitalipa."

"Samahani, nasema tu kwa sababu…"

"Nimesema nitalipa, ndugu. Huyu ana miaka kumi na mbili. Hizi dola zako nimechelewa nazo miaka mitano, subiri dakika kumi."

Mzee akarudi nyuma ya meza yake.

Damaris alitoka msalani, macho mekundu, akawakuta pale. Alisimama mbele yao. Hakujua amwombe nani msamaha kwanza.

"Nilisema uongo hospitali," alimwambia Jerusha.

"Najua," Jerusha alisema. "Nilikuwepo."

Corinne aliuliza, "Yule mama alikuachia namba?"

"Ninayo."

"Mpigie."

"Mama, baba ata…"

"Kidole changu kilishindwa Jumatano. Chako kizima. Mpigie, mwambie madaftari yale ni yako, na mwambie aje na mtu anayejua watoto wa namna hii, ambao herufi zinawachezea. Mimi peke yangu sitaweza. Sikuweza tangu mwanzo."

Damaris alitoa simu, akasogea hadi kwenye dirisha la mwisho.

Hapo ndipo Wendell alipotoka, jasho kwenye paji la uso, masikio bado yamejaa sauti ya makofi. Nyuma yake mlango ulibaki wazi na wimbo ukamwagika nje.

"Corinne! Watu wanataka picha. Familia nzima, chini ya bango. Mchungaji wa Joplin yuko pale, anataka kutualika mwezi wa sita." Akaona kitabu. "Hicho nini?"

"Cha kusomea."

"Hapa? Sasa? Watu wanapita! Unajua watu wakimwona mtoto mkubwa huyu na kitabu cha…" Akashusha sauti. "Inuka. Nakuambia inuka."

"Nenda kapige picha, Wendell."

"Na niwaambie nini?"

"Waambie chochote. Wanakuamini."

Aliangalia ushorobani kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta nani ameona, akaona ni mzee Thurman tu, na Damaris kwa mbali amegeuza mgongo, simu sikioni. Akatengeneza tai. Tulipomwona akirudi ukumbini alikuwa anatabasamu, akatuambia mama watoto amechoka, tumwombee.

Tukamwombea.

Kwenye benchi, Corinne aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, b.

"Hii?"

Jerusha aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa imetulia, kisha ikaanza kugeuka.

"D," alisema.

"Hapana. Tazama tena."